Siku moja Alsace na bibi na watoto: kasri moja, vijiji vitatu, basi

Swali la msomaji, nimelifupisha: "Habari kaka, tunaishi Karlsruhe, Ujerumani. Mwezi wa sita mama yangu anakuja kututembelea kutoka Songea na nataka tumtoe siku moja twende vijiji vya waini upande wa Ufaransa, vile vyenye nyumba za mbao za rangi rangi na makasri. Nimeandika list ya sehemu tisa, Strasbourg, Obernai, Haut-Koenigsbourg, Ribeauvillé, Hunawihr, Riquewihr, Kaysersberg, Colmar na Eguisheim. Tuna watoto watatu, miaka 11, 7 na 2. Mama ana shida ya magoti, ni Msabato hivyo hali nguruwe wala hagusi pombe, na Jumamosi hatutoki. Mume wangu ni Mjerumani, yeye anachotaka ni kuonja waini. Inawezekana kweli siku moja?"

Dada, mama shikamoo yake nimeshamtumia kupitia kwako. Inawezekana kabisa na itakuwa siku nzuri sana, ila hiyo list ya sehemu tisa uikate, siku iwe na sehemu nne tu. Najua inauma maana kila picha ukiiangalia unaona hii siwezi kuiacha, lakini watu wanaoniandikia baada ya safari hizi wakilalamika karibu wote wamefanya kitu kimoja, wamepita vijiji saba na wamekaa nusu saa nusu saa, mtoto analia, bibi amebaki kwenye gari, na jioni hawakumbuki kipi kilikuwa kipi. Barabara ya waini ya Alsace, wenyewe wanaiita Route des Vins, ilizinduliwa 1953 na ina urefu wa kilomita kama 170 kutoka Marlenheim mpaka Thann, na kwa ramani vijiji vinaonekana vimebanana, kweli kutoka kimoja kwenda kingine ni dakika tano mpaka kumi. Muda hauliwi na barabara. Unaliwa na kutafuta paking, kumshusha mama, kumbadilisha mtoto nepi, choo, aiskrimu, na yule wa miaka 7 ambaye ameona mbwa anataka kumshika.

Kwahiyo mimi ningefanya hivi: kasri la Haut-Koenigsbourg asubuhi, Bergheim (hii haimo kwenye list yako, naiongeza mimi) mchana kwa chakula, Hunawihr saa tisa hivi kuangalia ndege aina ya korongo, alafu Riquewihr jioni. Zote ziko kwenye kipande kimoja kidogo kati ya Sélestat na Colmar. Strasbourg na Colmar ni miji, inataka siku yake, na Colmar hasa ukiipitia kwa saa moja unaionea. Ribeauvillé, Kaysersberg, Eguisheim na Obernai viacheni kwa safari nyingine, mnaishi karibu, havitahama.

Siku ni Jumapili basi, sababu Jumamosi mama yuko kwenye sabato yake. Jumapili ina faida moja kubwa, malori makubwa hayaruhusiwi barabarani Ujerumani wala Ufaransa, autobahn inapumua. Hasara yake ni kwamba Alsace Jumapili maduka ya kawaida na supermaketi yamefungwa, huko wana sheria yao ya tangu enzi za Wajerumani na wanaishika kweli, kwahiyo maji, nepi, matunda, kila kitu kinunuliwe Ijumaa. Vijiji vya watalii vyenyewe viko wazi, mikate, mikahawa, vikumbusho, hivyo vyote mtavipata. Ila mkiweza kuepuka wikendi ya Pentekoste iepukeni, nusu ya Ujerumani ya kusini inahamia huko.

Jambo la pasipoti usilichukulie poa. Visa ya Schengen ya mama iliyotolewa na Ujerumani inamruhusu kuingia Ufaransa, hiyo haina shida, lakini Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake ya ardhini tangu Septemba 2024 na wakati wa kurudi mnaweza kusimamishwa. Pasipoti yenyewe iwe kwenye mkoba wake, picha kwenye simu haitoshi, na nyie pia mbebe vitambulisho vyenu.

Ondokeni saa moja na nusu asubuhi. Kutoka Karlsruhe mpaka Sélestat ni kama kilomita 130, saa moja na nusu hivi bila foleni. Barabara ya A35 upande wa Ufaransa hailipiwi, inayolipiwa ni ile bypass ya magharibi ya Strasbourg, A355, na Jumapili asubuhi hamna sababu ya kuilipia maana njia ya kupita mjini inakuwa nyeupe. Lengo ni kufika kwenye kasri linapofunguliwa, saa tatu na kitu, mwangalie saa kamili na tiketi kwenye tovuti yao maana ratiba inabadilika kwa msimu. Kwanini nasisitiza asubuhi, kwasababu kule juu hakuna uwanja wa paking kama wa mall, magari yanapaki pembeni ya barabara inayozunguka kilima, ukifika saa tano unapaki mbali na unapanda kwa miguu, na kwa magoti ya mama hapo siku imeshaharibika. Mshusheni mama na watoto karibu na mlango kwanza, alafu baba akapaki.

Sasa hili kasri lenyewe nataka nikae nalo kidogo, maana kwa familia yenu lina uzito ambao mtalii wa kawaida haujui.

Haut-Koenigsbourg liko juu ya mlima karibu mita 757 kutoka usawa wa bahari, la mawe mekundu ya pinki, na ukisimama kwenye ukuta wake unaona tambarare yote ya mto Rhine mpaka Msitu Mweusi kwenu Ujerumani, siku ikiwa safi sana hata milima ya Alps inaonekana. Linatajwa kwenye maandishi tangu 1147. Mwaka 1633, kwenye ile vita ya miaka thelathini, jeshi la Sweden lililizingira siku 52, likalichoma, na likabaki gofu kwa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini. Linaonekana zima leo kwa sababu moja, Kaiser Wilhelm II. Wakati huo Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani, waliichukua kwa Wafaransa 1871, na mji wa Sélestat ukampa Kaiser hilo gofu 1899. Yeye akaamua kulijenga upya liwe alama ya mpaka wa magharibi wa dola yake, akamkabidhi mbunifu Bodo Ebhardt, kazi ikaanza 1900 ikaisha 1908. Miaka kumi na moja baadaye, yaani 1919, likawa mali ya Ufaransa na Kaiser mwenyewe yuko uhamishoni Uholanzi.

Tazama hiyo miaka dada, 1900 mpaka 1908. Katikati yake ndo kuna Maji Maji. Vita ilianza Julai 1905 ikaisha 1907, wanahistoria wanakadiria waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000, wengi kwa njaa baada ya jeshi la Kaiser huyu huyu kuchoma mashamba na maghala. Na Songea kwenu, tarehe 27 Februari 1906, ndo wakanyongwa wale wazee wa Kingoni ambao mama yako bila shaka anajua kaburi lao na ameshaenda kwenye makumbusho ya Majimaji zaidi ya mara moja. Wakati huo huo huku Alsace mafundi walikuwa wanachonga mawe, wanapachika madirisha, wanatafuta majiko ya vigae ya zamani ili kila chumba kionekane kama cha karne ya 15. Dola moja, hazina moja, mfalme mmoja, sura yake ndo ilikuwa kwenye ile rupia ya Wajerumani ambayo wazee wengine kusini bado wamezihifadhi.

Mimi sikuambii haya ili mharibu siku. Nakuambia kwasababu watoto wako damu yao imetoka pande zote mbili, Ujerumani na Songea, na hakuna mahali pengi duniani ambapo mtoto wa miaka 11 anaweza kusimama akiwa na bibi upande mmoja na baba upande mwingine na kuuliza maswali hayo mbele ya kitu anachokiona kwa macho. Kwenye ghorofa za juu kuna ukumbi wanaouita wa Kaiser, ukiinua kichwa dari yote imechorwa tai mkubwa wa dola. Mpeni mama nafasi ya kuelezea anachojua pale pale. Watu wa Songea hawakukaa kimya kwenye hili, na Novemba 2023 rais wa Ujerumani Steinmeier alienda mwenyewe Songea, akakutana na ukoo wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani 1906, na akaomba msamaha, na suala la kulitafuta fuvu la chifu huko Ujerumani bado ukoo unalifuatilia. Mkubwa wenu ana umri wa kuyaelewa hayo yote.

Tahadhari ni moja, ngazi. Ngome ni ya zamani, ngazi ni nyingi, nyingine zinazunguka na ni nyembamba, na kigari cha mtoto humo ndani ni mzigo mtupu, mbebeni yule wa miaka 2 mgongoni, kanga ya bibi inatosha. Mama akiona ukumbi wa Kaiser ni juu sana asijilazimishe, uwanja wa chini peke yake una mambo, kuna kinu cha upepo juu ya jengo. Na ndani ya kasri kuna kisima kilichochimbwa kwenye mwamba kwenda chini mita 62 hivi. Hicho kisima watoto wanakipenda kuliko mizinga na mapanga yote. Na kinaeleza kasri kuliko maelezo ya ukutani, maana ngome isiyo na maji yake yenyewe haiwezi kuvumilia kuzingirwa siku 52, ingekuwa imefungua mlango wiki ya pili. Saa mbili zinatosha hapo.

Saa tano na nusu muwe mnashuka mlima kupitia Saint-Hippolyte kwenda Bergheim. Hapa ndo mahali watu wengi wanakosea, Wafaransa jikoni wanapika mchana kuanzia saa sita mpaka saa nane, ikipita hapo jiko limefungwa na mtaishia kula keki. Book meza kabla, Jumapili familia za huko huko zinajaa.

Nimechagua Bergheim badala ya Ribeauvillé kwasababu ya mama. Ni tambarare, kuta zake za zamani zimebaki karibu zote na unaweza kuzizunguka kwa nje kwa mwendo wa pole, kama kilomita mbili, kivuli kipo, mabenchi yapo, na pale nje ya lango kuna mti mkubwa wa aina ya linden ambao wanausema ni wa mwaka 1300, watoto wakimbie hapo wakati nyie mnasubiri chakula. Watalii ni wachache kuliko Riquewihr ingawa Wafaransa walikichagua kuwa kijiji wanachokipenda zaidi 2022.

Chakula cha Alsace kwa asiyekula nguruwe kinataka macho mawili, kwasababu nguruwe anajificha. Choucroute ni kabichi chachu na soseji za nguruwe. Baeckeoffe ni nyama tatu zimechanganywa, mojawapo nguruwe, na imelowekwa kwenye waini. Flammekueche, ile ya unga mwembamba kama chapati ya maji iliyookwa ikawa inavunjika pembeni, ina krimu na vitunguu na vipande vya bekoni, na hata ile ya uyoga mara nyingi bekoni inakuwepo. Mwambie mhudumu "sans lardons", rudia mara mbili, wanaelewa na wanatengeneza bila shida. Samaki aina ya trauti ni salama ila uliza kama mchuzi una Riesling, yaani waini nyeupe ya huko, kwa mama hilo ni muhimu, kuku wao pia mara nyingi anapikwa na waini. Jua pia kwamba mikahawa mingi ya kienyeji flammekueche wanaiwasha jioni tu, kwahiyo unapobook uliza.

Baba na waini yake tumpe saa moja hapo hapo Bergheim baada ya chakula, wakati mama na mdogo wanapumzika. Jumapili wakulima wengine wadogo wanafunga au wanapokea kwa miadi, apige simu wiki ile kabla. Kuonja mara nyingi ni bure au hela ndogo, na adabu ya pale ni ukionja vitano ununue walau chupa moja mbili. Alsace karibu yote ni waini nyeupe, na tofauti na sehemu nyingine za Ufaransa chupa inaandikwa jina la zabibu, Riesling, Gewurztraminer, Pinot Gris, Muscat, Sylvaner, kwahiyo hata asiyejua anajua anachokunywa. Aanze na Riesling ambayo ni kavu na ina ukali wa limao, amalizie Gewurztraminer inayonukia waridi, akianza na hiyo ya pili hatasikia ladha ya kitu kingine tena. Ziko sehemu 51 za mashamba zenye daraja la juu la waini, Grand Cru, na mbili ziko Bergheim, Altenberg na Kanzlerberg, hiyo Kanzlerberg ndo ndogo kuliko zote, hekta kama tatu tu, akipata kuionja asiiache. Watoto na mama waombewe juisi ya zabibu, karibu kila nyumba ya waini inayo na si ile ya boksi.

Na waliolima au kuona mizabibu ya Dodoma watauliza mbona hii iko kwenye mteremko. Milima ya Vosges iko nyuma yake upande wa magharibi, mawingu ya Atlantiki yanamwaga mvua upande ule, huku yanafika yameishiwa, ndo maana Colmar ni kati ya miji mikavu kabisa Ufaransa, na mteremko unaangalia jua la asubuhi. Dodoma mnavuna mara mbili kwa mwaka, hawa wanavuna mara moja, Septemba na Oktoba, kwahiyo baridi ya Aprili ikiua machipukizi mwaka mzima umeenda.

Usukani jioni ni wako dada. Kiwango Ufaransa ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, Ujerumani ni hivyo hivyo, na glasi ndogo ndogo sita za kuonja zinafika hapo bila mtu kujisikia. Viti vya watoto wote watatu viwepo. Chupa mnabeba mnazotaka, kwa matumizi yenu ndani ya Umoja wa Ulaya mpaka lita 90 hakuna anayeuliza.

Hunawihr ni mwendo mfupi tu kutoka hapo, na mwezi wa sita ndo wakati wake, makorongo weupe wana vifaranga. Hawa ndege miaka ya 1970 walikuwa wamebaki jozi chache sana Alsace nzima, wengi walikuwa wanafia njiani wakihama kwenda Afrika, na hapo Hunawihr kuna kituo kilichowafuga na kuwarudisha, leo wako kila paa la kanisa. Kiota kimoja kikikaa miaka kinaweza kufika kilo mia kadhaa. Korongo hana sauti, anagonga mdomo, taka-taka-taka-taka, anarudisha kichwa nyuma mpaka kinagusa mgongo, na jozi ikianza kiota cha pili kinajibu, mtoto wa miaka 2 hapo hamtamtoa. Wa Alsace wanapita Gibraltar kwenda Afrika Magharibi, wale wa Ulaya mashariki ndo wanaoshuka mpaka kwetu Tanzania, mama huenda anawajua. Kanisa la kijiji nalo liko juu kidogo katikati ya mizabibu, limezungushiwa ukuta wa ngome, na Wakatoliki na Waprotestanti wanalitumia wote kwa zamu. Mpandishe mama kwa gari mpaka karibu.

Riquewihr nimeiweka mwisho makusudi. Mchana ni msongamano, mabasi ya watalii yanamwaga watu na barabara kuu ni moja. Baada ya saa kumi na moja jioni mabasi yanaondoka, na mwezi wa sita jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, mnabaki na kijiji na mwanga mzuri wa picha. Pakini nje ya kuta, mnalipia, mwingie kutoka chini. Barabara inapanda taratibu mpaka mnara wa Dolder wa mwaka 1291, ni mawe ya mviringo, magoti ya mama yatakubali ila viatu viwe flati. Nyumba nyingi ni za karne ya 15 mpaka 17 na vita vilipita bila kuzibomoa. Njiani wapo wauzaji wa vibiskuti vya nazi laini wanawapa wapita njia waonje, mama atacheka, karibu vyote ni nazi na sukari.

Saa moja jioni mkiwa kwenye gari mnafika nyumbani mbili na nusu hivi, tatu kukiwa na foleni Strasbourg.

Siku ikienda polepole kuliko hapo, katisheni Hunawihr, korongo mtawaona hata Riquewihr juu ya mapaa mkiwa na bahati. Na ikiamka mvua nzito na ukungu, mlima hauonyeshi kitu, basi geuzeni, nendeni Colmar kwenye makumbusho ya Unterlinden mkaone ile altare ya Isenheim yenye picha za mchoraji Grünewald, mama Msabato anayeijua Biblia yake atasimama hapo muda mrefu, na kasri lisogezwe Jumapili inayofuata kabla visa haijaisha.